Miaka mitano ya kusoma fasihi ya Kirusi Saint Petersburg: uzoefu wangu

Nilisoma shahada ya kwanza ya lugha na fasihi ya Kirusi katika chuo kimoja mjini Saint Petersburg kwa ufadhili wa serikali ya Urusi, na kila mwaka vijana wanaojaza fomu za ufadhili huo huniuliza kama inafaa kwenda. Huwajibu kwamba masomo yenyewe ni ya hali ya juu, lakini maandalizi unayopewa kabla ya kuyaanza hayatoshi, na anayekwenda bila kulijua hilo atahangaika mwaka mzima kama nilivyohangaika mimi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ufadhili ulinilipia ada na kunipa kitanda bwenini. Nauli ya ndege na bima vilikuwa juu yangu, na posho ilikuwa ndogo mno kuweza kuishi kwayo. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, kwa hiyo njia ya kutumiwa fedha kutoka nyumbani ipangwe kabla ya safari.

Mwaka wa kwanza, ule wa maandalizi, ni wa lugha tupu. Herufi 33 zilinichukua wiki moja, na mambo kadhaa yaliyowatesa wenzangu hayakunisumbua. Kirusi husema “yeye mwalimu” bila kuhitaji “ni”, na kivumishi hubadilika kupatana na nomino yake kama tulivyozoea katika ngeli. Kilichonishinda ni vitenzi vya mwendo. Sisi tuna “kwenda”, basi. Mrusi anataka kujua kama umekwenda kwa miguu au kwa chombo, kama uko njiani au huenda na kurudi, kama umefika au hukufika, na kila jibu lina kitenzi chake. Nilifaulu mtihani wa kujiunga na shahada nikiwa naweza kununua mkate, kueleza ugonjwa na kusoma habari fupi ya gazeti.

Kwa kiwango hicho nikaingizwa darasa moja na Warusi ambao riwaya kubwa za karne ya 19 walikwisha kuzisoma sekondari. Wiki tuliyojadili riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866, ile ya mwanafunzi aliyemuua mkopeshaji kwa shoka, wenzangu walikuwa wakibishana kuhusu hatima yake huko mwishoni ilhali mimi, kamusi mkononi, nilikuwa ukurasa wa 40. Nilipoomba somo la ziada kwa ajili yetu wageni, ofisi iliyohusika ilinijibu nivumilie. Hapa ndipo chuo kilipotuangusha, na sioni sababu ya kukifichia aibu.

Semina za ushairi, kinyume chake, sijaona mfano wake. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo ambaye, kama walimu wote wa huko, huitwa kwa jina lake pamoja na la babake, na wiki ya kwanza alitutaka tukariri shairi la Pushkin la mwaka 1829 lenye mishororo minane tu. Nilisimama nikaghani kwa mwendo wa utenzi, nikizipa silabi zote uzito sawa, naye akanikatiza mshororo wa pili. Nikajitetea kwamba kasoro ni ya mtunzi: mshororo wa kwanza una mizani 11, wa pili 10, na kwetu shairi la namna hiyo ni guni, yaani limevunja kanuni. Hakucheka. Aligonga meza kwa kalamu, mapigo matano kwa mshororo wa kwanza, matano kwa wa pili, ndipo nikaelewa kwamba Mrusi hahesabu silabi peke yake, huhesabu na mkazo, na ile silabi ya 11 ni mkia usio na pigo. Kwetu mkazo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo washairi hawana haja ya kuupigia hesabu. Katika Kirusi unahamahama, na mtunzi ndiye anayeutuliza. Saa ile moja ilinifundisha arudhi ya Kiswahili, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, kuliko miaka yangu yote ya sekondari.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Unaokota karatasi iliyofunikwa mezani, unajiandaa kwa muda mfupi, kisha unakaa uso kwa uso na mtahini. Mimi niliokota hadithi ya Gogol ya karani maskini na koti lake, iliyotoka mwaka 1842, nikaulizwa kwa nini jina la karani, Akaki mwana wa Akaki, linachekesha. Nikasema silioni la kuchekesha, kwetu Juma bin Juma ni jina la heshima, na tena masikioni mwangu Akaki linakaribia “kaka”. Mtahini alifunika uso kwa daftari. Kumbe “kaka” kwa watoto wa Kirusi ni kinyesi, na huenda Gogol alilijua hilo vizuri. Nilipewa 5, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa.

Jambo nililolitarajia zaidi halikupewa nafasi kubwa. Babu wa mama yake Pushkin, Abram Gannibal, alitolewa Afrika akiwa mtoto, akabatizwa mfalme wa Urusi, Petro Mkuu, akiwa msimamizi wake, akafikia cheo cha jenerali. Mhadhara ulimpitia kwa dakika chache. Nikaenda mwenyewe kwenye nyumba namba 12 ukingoni mwa Moika, alikofia mshairi mwaka 1837 baada ya kupigwa risasi, nikakiona kidau chake cha wino chenye sanamu ya Mwafrika aliyeegemea nanga, zawadi ya rafiki yake. Nilirudi mara tatu, mara moja ikiwa Desemba, ambapo kuna siku mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa sita. Tasnifu yangu niliiandika juu ya riwaya aliyoianza Pushkin mwaka 1827 kuhusu babu huyo na ambayo hakuimaliza. Niliitetea kwa Kirusi mbele ya jopo, nikapata 4. Alama iliyobaki, waliniambia, niliipoteza kwenye vitenzi vya mwendo.