Uzoefu wangu: kukusanya data za wachangiaji wa Wikipedia bila kujua kuandika programu

Je, unaweza kukusanya data hizi bila kuandika programu? Kwa mwenye haraka, jibu ni kwamba inawezekana kabisa. Kama utafiti wako unahusu watu wanaoandika Wikipedia na hujui hata mstari mmoja wa Python (lugha ya kuandikia programu), karibu kila unachohitaji kimo ndani ya kivinjari, bure, na huhitaji barua ya utambulisho. Kupata data ndiyo kazi nyepesi. Shughuli inaanza faili likishafunguka, ukajiuliza kila mstari ulioko mbele yako unamhesabu nani.

Mimi nimetokea kwenye hojaji na mahojiano. Swali langu lilikuwa dogo tu: nani anaandika makala za afya, na wale wanaoanza, wangapi wanaendelea? Wikipedia inavutia kwa swali la namna hii kwa sababu kila mtu anapobonyeza kuhifadhi, mfumo unaandika jina lake, saa, ukubwa wa ukurasa baada ya badiliko, na maelezo mafupi aliyoacha. Kumbukumbu hizo zipo tangu mradi uanze mwaka 2001 (za miaka ya mwanzo zina mapengo), na ziko wazi kwa yeyote.

Nilianza na PetScan, zana ya kwenye kivinjari ya kutafuta makala, iliyotengenezwa na Magnus Manske. Unaipa jina la jamii (yaani kategoria ambamo makala zimepangwa), unaiambia ishuke ngazi ngapi kwenye jamii ndogo, inakurudishia orodha ya makala ambayo unaipakua kama CSV, faili la jedwali linalofunguka kwenye lahajedwali. Sura yake inatisha, imejaa visanduku hadi macho yanachoka, lakini kwa kazi yangu visanduku vitatu vilitosha. Tahadhari iko kwenye kina. Ukishuka ngazi nyingi kutoka jamii ya afya utajikuta kwenye wasifu wa madaktari, kisha vyuo walivyosoma, kisha majengo. Baki ngazi moja au mbili, halafu isome orodha kwa macho yako mwenyewe, jina kwa jina. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kila utafutaji hupewa namba yake ya kudumu. Namba hiyo niliiweka kwenye sura ya mbinu ya tasnifu yangu, na msimamizi wangu akaweza kurudia utafutaji uleule akiwa kwake.

Kutoka hapo nikaenda XTools, zana ya takwimu za makala na wachangiaji, na hapa ndipo nilipokaa sana. Ukiipa jina la makala, inakuonyesha nani aliianzisha, imebadilishwa mara ngapi, na watu wangapi, mabadiliko mangapi ni ya roboti (programu zinazohariri zenyewe), na wachangiaji wakuu ni akina nani. Ukiipa jina la mtumiaji, inakuonyesha kazi yake yote kwa muhtasari, pamoja na kurasa alizozianzisha, na orodha hiyo ya kurasa unaweza kuipakua.

Angalia vizuri hilo neno “wachangiaji wakuu”. XTools inakupa orodha mbili: moja kwa idadi ya mabadiliko, nyingine kwa kiasi cha maandishi yaliyoongezwa. Kwenye makala zangu nyingi orodha hizo hazikufanana hata kidogo. Yupo anayehifadhi kila baada ya sentensi, akahesabiwa mara arobaini kwa aya nne. Yupo anayeandika makala nzima pembeni, akaibandika mara moja, akahesabiwa moja. Na yupo fundi wa mikato na viungo, anayepita makala mia kwa jioni moja bila kuongeza hoja yoyote. Wote watatu ni wachangiaji, ila ukichagua kipimo kimoja bila kueleza kwa nini, umeshachagua nani awe shujaa wa tasnifu yako. Kuna kipengele kingine kinachokadiria ni maneno ya nani yaliyobaki kwenye makala hadi leo, na hicho ndicho kingekuwa kipimo bora kuliko vyote, lakini kinafanya kazi kwa lugha chache tu.

Mambo mawili mengine kuhusu XTools. Saa zote ni za UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo. Mchangiaji anayeishi UTC+3 (saa tatu mbele ya hiyo) akionekana kuandika saa 12 jioni, kwake ni saa 3 usiku, na hitimisho lako kuhusu watu wanaoandika wakiwa kazini linageuka. Halafu, katika Wikipedia za lugha nyingi, mchanganuo wa mwezi kwa mwezi na wa saa kwa saa wa mtu mmoja hauonekani mpaka mwenyewe ameruhusu. Watafiti wengine hulalamikia hilo. Mimi naliona sawa: data kuwa wazi ni jambo moja, kumchorea mtu ratiba ya maisha yake ni jingine.

Quarry, zana ya kuuliza hifadhidata ya Wikipedia moja kwa moja, niliiogopa, kwa sababu inatumia SQL, lugha ya kuandikia maswali ya hifadhidata. Nashauri usiiogope. Maswali yote ambayo watu wameshawahi kuyauliza pale yanabaki hadharani, na kuna kitufe cha kulinakili swali la mwingine likawa lako. Nilitafuta swali lililokaribiana na langu, nikabadilisha jina la jamii na tarehe, nikaliendesha. Sijajifunza kuandika SQL, nimejifunza kuisoma, kama mtu anayefuata mapishi bila kuwa mpishi. Tarehe ndizo zitakazokusumbua kwanza: ni namba ndefu ya tarakimu 14, yaani 20240101000000 ni mwanzo wa siku ya kwanza ya Januari 2024. Ukishazoea, matokeo unayapakua moja kwa moja kwenye lahajedwali. Kumbuka pia kwamba uwazi unakuhusu na wewe. Swali lako la utafiti linaonekana na kila mtu, likiwa na jina lako la mtumiaji juu yake. Na usitafute maandishi ya makala humo, hayapo. Kuna taarifa kuhusu mabadiliko tu.

Programs & Events Dashboard, zana nyingine ya kwenye kivinjari, inafaa kwa jambo moja, na jambo hilo inalifanya vizuri: kufuatilia kundi unalolijua tayari, kwa mfano washiriki wa warsha ya uandishi. Unaingiza majina na tarehe, inakusanya yenyewe makala walizogusa na kiasi walichoongeza. Kwa sampuli ya watu usiowajua haina msaada. Kiasi chenyewe hupimwa kwa baiti (kipimo cha ukubwa wa maandishi kwenye kompyuta), na hapa nataka kusimama kidogo. Herufi moja ya kawaida ya Kiswahili au Kiingereza ni baiti 1. Herufi ya Kiarabu ni 2, ya Kiamhari 3. Kwa hiyo anayelinganisha wachangiaji wa Wikipedia ya Kiamhari na wa Kiswahili kwa baiti, anawapa wa Kiamhari mara tatu kwa kila herufi kabla hajaanza kufikiri. Nimeona watu wakichora grafu za namna hiyo bila wasiwasi wowote.

Takwimu za jumla zipo kwenye tovuti ya takwimu ya Wikimedia yenyewe, shirika linaloendesha Wikipedia. Nzuri kwa sura ya utangulizi, basi. Jua tu kwamba “mhariri hai” pale ni mwenye mabadiliko 5 au zaidi kwa mwezi, na aliye hai sana ni wa 100 kwenda juu. Takwimu za nchi hutolewa kwa makundi yaliyokadiriwa, na baadhi ya nchi zimeachwa nje kwa makusudi ili kuwalinda wahariri wake.

Nilijaribu pia programu-jalizi moja ya kivinjari, ya kulipia, sitaitaja, inayodai kunyonya data kutoka ukurasa wowote. Ilinyonya mistari 50 ya historia ya makala, yaani ile tu inayoonekana ukifungua ukurasa bila kubadilisha chochote, ikaniletea ujumbe wa pongezi kwamba kazi imekamilika. Makala yenyewe ilikuwa imebadilishwa mara mia kadhaa. Kama nisingekuwa na hesabu ya XTools pembeni, ningeiamini.

Sasa turudi kwa nani anahesabiwa. Roboti zilizosajiliwa ni rahisi kuzitoa. Zile zinazoendeshwa kwa akaunti ya kawaida utazitambua kwa kasi yake. Kigumu zaidi ni watu wasio na akaunti. Zamani walionekana kwa anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Kuanzia mwishoni mwa 2024 Wikimedia imekuwa ikiwapa akaunti za muda badala yake, majina yanayoanza na alama ya ~ na mwaka, na akaunti hizo huisha baada ya siku 90. Kwa faragha ni hatua kubwa mbele. Kwa mtafiti, maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuonekana kama “wageni” wanne katika mwaka, wote wakiwa wameacha baada ya miezi mitatu. Na mimi ndicho nilichokuwa napima, nani anaendelea! Niliamua kuwachambua peke yao, mbali na wenye akaunti, na kulieleza hilo kwa aya nzima.

Usafishaji wa data niliufanya kwa OpenRefine, programu ya kusafisha majedwali, ambayo nayo haikudai programu yoyote kuandikwa. Mkiwa na majina yenye herufi za lugha nyingine, msifungue CSV kwa kubofya mara mbili. Ileteni kupitia menyu ya kuingiza data na mchague UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), vinginevyo majina yatageuka takataka.

Kuhusu maadili, kamati iliniuliza swali la haki: kama kila kitu ni cha umma, kuna haja gani ya kuficha majina? Wengi hutumia majina yao halisi, na hakuna aliyeandika makala ya malaria akitegemea kuwa jedwali la tasnifu. Nilibadilisha majina kuwa namba, nikaweka ufunguo kwenye faili tofauti. Maelezo ya mabadiliko sikuyanukuu neno kwa neno, kwa kuwa yanaweza kutafutwa na kumfikia mwenyewe kwa urahisi.

Kama ningepewa nafasi ya kuchagua mbili tu, ningechukua PetScan na XTools, na Quarry ikingojea pembeni kwa siku ya shida. Lakini kama swali lako ni watu wameandika nini, siyo mara ngapi, zana hizi zitakufikisha mlangoni tu. Chagua makala chache, fungua historia, linganisha toleo na toleo kwa mkono. Inachosha, na sura yangu ya nne yote imetoka huko.