Nyumba ya Wahenga wa Ukoo wa Chen, Guangzhou: inua macho kwanza

Kufika hapa hakuna shida: metro ya Laini ya 1 ina kituo karibu kabisa na lango, na tiketi ni yuan 10. Kinachowashinda wageni wengi ni kujua watazame nini.

Jengo lilianza kujengwa 1890, likakamilika 1894, kwa michango ya akina Chen wa wilaya 72 za mkoa wa Guangdong, China. Waliochanga walipata nafasi ya kuweka vibao vyenye majina ya wahenga wao katika kumbi za nyuma, na vijana wao wakapata pa kufikia walipokuja mjini kufanya mitihani ya serikali, hadi ilipofutwa 1905. Ndiyo sababu jengo huitwa pia Chuo cha Ukoo wa Chen.

Simama uani mbele ya ukumbi wa kati, Juxian, utazame mgongo wa paa. Una urefu wa mita 27 na umejaa sanamu za udongo zilizochomwa tanurini huko Shiwan, katika mji wa Foshan: majemadari, wanawake, maghorofa, kila uso na sura yake. Beba darubini ndogo. Bila hiyo utaona rangi tu. Chini ya sanamu hizo kuna mapambo ya chokaa, na hapo mafundi walifinyanga papo hapo juu ya paa: waya kwanza, kisha chokaa iliyochanganywa na majani makavu na karatasi, halafu rangi. Udongo wa kuchomwa una ngozi ya kioo, mvua huteleza. Chokaa huliwa na mvua yenye tindikali, kwa hiyo hukarabatiwa mara kwa mara.

Tazama pia nguzo. Zinazonyeshewa ni za mawe ya matale, za ndani ni za mbao ngumu. Kwa mvua na mchwa wa Guangdong, nguzo ya mbao nje ingeoza kuanzia kitako.

Michongo ya matofali kwenye ukuta wa mbele ifuate asubuhi au alasiri, mwanga ukitoka ubavuni. Jua likiwa utosini vivuli hupotea na michongo huonekana bapa.

Upungufu mkubwa ni huu: tangu 1959 hapa ni makumbusho ya sanaa za jadi, na makabati ya vioo yamejaza kumbi. Madhabahu za mbao bado zipo nyuma, lakini vibao havipo, na maelezo kuhusu ibada yenyewe ni haba mno. Usiishie kwenye makabati. Nenda mpaka kumbi za mwisho.