Nimelipia kozi ya India ya kale, nikakuta jiwe la Junagadh limepunjwa miaka 78

Somo la nne ndilo lililonichefua. Kozi hii ya video niliimaliza wiki chache zilizopita na hasira haijaisha. Mwalimu anafungua kwa kusema Wahindi wa kale hawakuwa na habari na historia, walijua ngano tu. Ushahidi wake? Jiwe la Junagadh, kule Gujarat walikotoka wazee wa Wahindi wengi wa Mombasa na Unguja. Yaani jiwe lile lile linalomkanusha!

Jiwe hilo lina maandishi ya watawala watatu: Ashoka wa karne ya 3 KK, kisha Rudradaman, kisha Skandagupta. Rudradaman anaeleza habari za bwawa la Sudarshana. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, tuta likakatika na kuacha pengo la dhiraa 420 kwa urefu, 420 kwa upana na 75 kwenda chini. Halafu anataja waliotangulia: Pushyagupta, liwali wa mfalme Chandragupta Maurya, babu yake Ashoka, ndiye aliyelijenga, na Tushaspha akaongeza mifereji enzi za Ashoka. Kumbukumbu ya zaidi ya miaka 400, kwa majina ya maofisa. Hizo ndizo ngano?

Sasa tarehe. Slaidi inasema "mwaka 72 BK". Jiwe linasema mwaka wa 72, mwezi wa Margashirsha, bila kutaja ni kalenda gani, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukoo wa Rudradaman ulihesabu kwa kalenda ya Shaka, iliyoanza mwaka 78. Kwa hiyo unaongeza 78. Tarehe ikiangukia kati ya Januari na mwanzo wa mwezi wa Chaitra, kwenye Machi hivi, unaongeza 79. Margashirsha ni Novemba na Desemba, basi 72 na 78 ni 150. Skandagupta, kwenye jiwe hilo hilo, anataja mwaka 136 wa kalenda ya ukoo wake wa Gupta. Huo unauongezea 319, unapata 455. Ukimwekea kanuni ya Shaka umemrudisha nyuma miaka 241.

Niliuliza kwa adabu kwenye sehemu ya maswali. Nikajibiwa: "Miaka michache haibadilishi kitu." Haibadilishi kitu! Mwaka 72 BK kalenda yenyewe ya Shaka ilikuwa bado haijaanza. Anayefundisha watu kwa pesa zao hajibu hivyo. Msinunue.

Ila kwa haki niseme, picha zao sijaona mfano wake. Ukikuza ile ya Rudradaman unaona mwaka umeandikwa mara mbili, kama kiasi kwenye hundi ya benki: kwanza kwa maneno, kisha alama ya 70 na pembeni yake alama ya 2, kwa sababu tarakimu za Brahmi, mwandiko wa kale wa India, za wakati ule hazikuwa na sifuri. Mtu aliyechonga hivyo alitaka tarehe isipotee. Kwa picha hiyo peke yake nilipandisha nyota kutoka moja hadi tatu, na kama unajifunza kusoma maandishi ya mawe, labda inafaa ununue.

Halafu nikafika somo la tano. Kalhana wa Kashmir, aliyeanza kuandika historia ya wafalme wa kwao mwaka 1148, aliyesema mwenyewe kwamba amepitia vitabu 11 vya waliomtangulia, maandishi ya kuwekea misingi ya mahekalu na hati za ardhi, kapewa dakika mbili. Na katika hizo mbili mwalimu anamwita "mshairi tu". Ndiyo, aliandika kwa mashairi, kwa sababu Kisanskriti kiliandikwa hivyo hata kwenye vitabu vya hesabu na tiba.

Nimerudi nyota moja, na nimeomba pesa yangu.