RNeasy Micro Kit kwa sampuli za uso wa jicho: nyota 4 kati ya 5

Anayetaka kujua jeni zipi zinafanya kazi kwenye konjaktiva, ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, hukwama kwanza kwenye uchache wa seli. Kipande cha chujio cha polyethasalfoni kikigandamizwa jichoni huondoka na seli za tabaka la juu tu. Ndiyo maana, kwa kuvuna RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi), tunaipendelea RNeasy Micro ya Qiagen (katalogi 74004, kolamu 50, yaani vijitungi vyenye utando unaonasa RNA) kuliko RNeasy Mini. Mini huitoa RNA kwa maikrolita 30 hadi 50 za maji. Micro inatosheka na 14, na unabaki na kama 12 zenye RNA iliyokolea zaidi.

Mzigo ukifika, usiuingize wote kwenye friji. Kolamu na kisanduku cha DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) ndivyo vinavyokaa nyuzijoto 2 hadi 8; bafa, yaani vimiminika vya kufanyia kazi, zinabaki kwenye joto la chumba. Bafa RLT, ya kupasulia seli, ikipoa sana hutoa chembe, na ni lazima uipashe moto kidogo ziyeyuke kabla ya kuitumia. Ethanoli na beta-merkaptoethanoli (kemikali inayozuia vimeng'enya vinavyokata RNA) hununuliwa kando. Bafa RPE, ya kuoshea, nayo huja ikiwa imekolea: iongezewe ethanoli ya asilimia 96–100 mara 4 ya ujazo wake, kisha uandike kwenye chupa kwamba imeshaongezwa.

Kazi nyingi huharibika kabla hata kolamu haijaguswa. Mgonjwa akishatiwa matone ya ganzi na machozi ya ziada kufyonzwa, chujio hugandamizwa sekunde 5 hadi 10, kisha hubanduliwa kwa kibano safi. Liingie papo hapo kwenye tyubu yenye maikrolita 350 za RLT iliyotiwa beta-merkaptoethanoli (maikrolita 10 kwa kila mililita 1), upande wenye seli ukitazama katikati ya tyubu. Upande huo ukishikana na ukuta wa plastiki, bafa haizifikii seli, na vimeng'enya vya seli vinaendelea kuikata RNA. Tikisa kwa mashine dakika moja, halafu gandisha nyuzi 80 chini ya sifuri. Chujio lenyewe hunywa bafa nyingi. Lipitishe kwenye kolamu ya QIAshredder na kulizungusha, uokoe kilichobaki ndani.

Kit inakuja na RNA ya kubebea, nanogramu 20 kwa sampuli, yaani maikrolita 5 za mchanganyiko wa nanogramu 4 kwa maikrolita. Inasaidia RNA chache isipotelee kwenye kolamu. Lakini ni mnyororo wa herufi moja tu ya RNA, A. Kwa PCR (kunakili kipande cha jeni mara nyingi ili kukipima) ya jeni chache, itumie; kwa usomaji wa jeni zote unaokamata mRNA (RNA inayobeba ujumbe wa jeni) kwa mkia wake wa A, iache. Ikumbuke pia unapopima wingi, kwa sababu kwenye sampuli hafifu inaweza kuonekana kama mavuno ya jicho. Chujio tupu, lisilogusa jicho, lililopitia hatua zote ndilo litakalokuumbua au kukutetea.

Maikrolita 80 za DNase (10 za kimeng'enya na 70 za bafa RDD) zidondoshwe katikati ya utando wa kolamu, dakika 15. Zikibaki ukingoni, DNA inabaki. Usiitikise DNase kwa mashine, geuza tyubu taratibu. Baada ya kuosha kwa ethanoli ya asilimia 80, zungusha kolamu dakika 5 kifuniko kikiwa wazi. Ukiruka hapa, ethanoli inaingia kwenye RNA na PCR inagoma.

Kabla ya kuamini matokeo, angalia jeni KRT13 na KRT12. Ya kwanza ni ya konjaktiva, ya pili ya konea, kioo cha mbele cha jicho. KRT12 ikiwa juu, chujio liligusa konea. Jeni ya ute, MUC5AC, ikikosekana kabisa, huenda seli za kutoa ute hazikubanduka. Na anayetafuta seli mama za ukingo wa konea asitegemee njia hii, kwani ziko chini kuliko chujio linakofika. Kwa trakoma, lengwa ni ndani ya kope la juu; tafiti za kaskazini mwa Tanzania zilizoonyesha jeni S100A7 ikipanda penye makovu zilitumia vijiti vya kupangusia.

Nyota moja tunaikata kwa sababu DNA yote hutupwa. Kwa uvimbe wa saratani ya uso wa jicho, ambao Afrika Mashariki unaujua vizuri, mara nyingi mtu hutaka kutafuta pia virusi vya papiloma kwenye sampuli ileile. Huyo anunue AllPrep DNA/RNA Micro.

Mabaki ya RLT na RW1 (bafa nyingine ya kuoshea) yasimwagiwe jiki hata kidogo: chumvi za guanidini zilizomo zikikutana na jiki hutoa gesi za sumu.