Darasa la waumini wapya: maoni ya aliyeanguka mara tatu akiwa humo humo

Niliokoka nikiwa na miaka 38, pakiti ya sigara mfukoni na mkeka wa kubeti kwenye simu, mechi zake mbili zikiwa bado hazijachezwa. Nalitaja hili ili anayesoma ajue niliingia darasani nikiwa mtu wa namna gani. Haya ni maoni yangu kuhusu darasa la waumini wapya la kanisa ninaloabudu, nililohudhuria kila Jumatano jioni kwa miezi tisa. Kanisa silitaji, maana ninayo malalamiko pia na sitaki yamwaibishe mtu.

Masomo yenyewe ni ya kawaida: wokovu, ubatizo, maombi, kusoma Neno. Mwalimu anajua kufundisha, ila mengi ungeyasikia hata kwenye mahubiri ya Jumapili. Thamani ya darasa hili iko kwa walezi. Kila anayeingia anapewa mtu mzima wa imani wa kutembea naye. Mimi nilipewa mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyewahi kuwa mlevi.

Siku ya kwanza nilijiandaa kukemewa. Yeye akafungua daftari, akauliza, "Mwanangu, sigara ya kwanza ya siku unaivutia wapi?" Nikamwambia kitandani, kabla hata sijanawa uso. Akauliza ya pili, ya tatu, mpaka tukaimaliza siku nzima. Zilikuwa 14. Kando ya kila moja aliandika mahali, saa, na niliyekuwa naye. Ndipo nilipogundua kwamba tano kati ya hizo nilizivuta kwa sababu tu mwenzangu kazini amewasha. Tukaanza na hizo tano. Nilipofika hatua ya kuacha zote, alinionya mapema kwamba arosto, yaani mateso ya mwili ulionyimwa ulichozoea, huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hupungua taratibu ndani ya wiki chache, na kwamba nitakosa usingizi na kuwaka hasira bila sababu. "Usije ukadhani kila hasira ni pepo," alisema. "Mwili nao unadai deni lake." Maneno hayo yaliniokoa siku ya nne, nilipomfokea mwanangu kwa kudondosha kijiko nikadhani sijaokoka kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo kwalo peke yake ningelipa darasa hili alama zote. Kikundini alikuwapo ndugu aliyekunywa pombe kali tangu asubuhi, kila siku, kwa miaka. Muumini mmoja mwenye bidii alitaka aombewe na aache usiku ule ule. Mlezi wangu akakataa. Alieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, mtu akachanganyikiwa, hata akafa. Kesho yake walimsindikiza kwa daktari, wakiomba njiani, na akaacha akiwa chini ya uangalizi. Sijawahi kuona imani na akili zikikaa kiti kimoja namna ile.

Mimi nilianguka mwezi wa tatu. Sigara nilikuwa nimeziacha, lakini Ijumaa moja jioni nilibeti nusu ya mshahara ikaondoka yote. Nikakwepa darasa Jumatano mbili. Mzee akaja nyumbani, akasema amekuja kuangalia kama naumwa, akanyamaza. Nikamweleza yote. Hakuuliza kwa nini, aliuliza, "Ilianzia wapi?" Ilianzia kwenye saa ile ya Ijumaa niliyozoea kukaa nje nikivuta, ambayo sasa ilikuwa tupu. Akanisomea Kutoka 23, pale Mungu anapowaambia Israeli hatawafukuza mataifa mbele yao kwa mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakaongezeka. Atawafukuza kidogo kidogo. "Umefyeka shamba hukupanda kitu," akasema, "wanyama wameingia." Tangu wiki ile, Ijumaa jioni tunakwenda pamoja kuwatembelea wagonjwa, na simu ya miamala anakaa nayo mke wangu kwa ridhaa yangu. Nilianguka tena mara mbili baadaye. Mara zote nilimpigia mimi mwenyewe, kabla hajaja kunitafuta.

Sasa malalamiko. Kitabu cha mazoezi kinaahidi ushindi kwa siku 21. Siku ya 22 nilikuwa natetemeka kwa hamu, nikajiona mwongo. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, mambo mepesi tu kama kunywa maji. Wastani ulitoka siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia 18 hadi 254. Ukurasa ule uondolewe.

Kibaya zaidi ni usiku wa ushuhuda, wiki ya sita. Waumini wachanga husimamishwa mbele waseme wamewekwa huru kabisa. Binti mmoja wa kikundi chetu alisema hivyo, akapigiwa makofi, akaanguka mwezi huo huo, na hakurudi tena. Angerudi vipi baada ya makofi yale? Nimewaambia viongozi, nami bado ninaumia nikimkumbuka.

Jioni moja mwalimu alitufundisha habari za John Newton, baharia Mwingereza wa meli za watumwa aliyekuja kuwa mchungaji, aliyemlilia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, lakini akaendelea na safari za meli za watumwa hadi 1754, na akaandika hadharani kuipinga biashara ile mwaka 1788 tu. Alitaka kututia moyo kwamba Mungu ni mvumilivu. Nikauliza, na wale waliofungwa minyororo kwenye meli yake, uvumilivu huo uliwafaa nini? Darasa likatulia. Mwalimu hakukwepa. Alisema tabia inayomuumiza mtu mwingine inakomeshwa leo, na anayempiga mkewe hapewi miezi tisa ya kujifunza. Nilikuja kujua kwamba wanalishika hilo kwa vitendo, maana mwanamume mmoja walimtaka akalale kwa kaka yake, na mkewe akapewa wa kumsaidia, kabla mume hajafunguliwa kitabu.

Kama umeokoka juzi na unaona aibu kwa sababu mwili bado unaitaka mizigo ya jana, nenda kwenye darasa la aina hii, ila kabla ya kujiandikisha uliza swali moja: anayeanguka anafanyiwa nini? Kwetu cheti hutolewa mwezi wa tisa, na mlezi hupewa mtu mwingine. Wangu amepewa kijana wa kubeti kama mimi. Ameniomba daftari langu la zile sigara 14 amwonyeshe, nami nimempa.