CZ 550 ya .30-06 baada ya misimu miwili Mufindi, na ile nyeusi niliyokuwa naiota

Nianze na ukweli, mi mwenyewe ndo nilikuwa wa kwanza kuitaka ile ya kwenye picha. Ile bunduki nyeusi, kitako cha plastiki, magazini imening'inia, AR-15. Shemeji yangu yuko California, kila akienda kulenga shabaha ananirushia picha za zile za wenzake, na mi huku nguruwe pori wananimalizia mahindi kule bondeni upande wa Igowole, basi nalala nawaza ningekuwa nayo ile kitu wangenikoma. Leo nina CZ 550, raifo ya kuwindia ya boliti, yani kila risasi unaipakia kwa kuvuta mkono, tena mtumba, huu msimu wa pili, na kwa kuwa kila anayejua ninayo ananiuliza inakuwaje naona niandike mara moja niwe natuma tu.

Kwanza tuweke sawa mambo maana watu wanachanganya sana. Huku kwetu za kijeshi tunazijua kwa majina ya polisi, SMG na SAR. SMG ni AK hiyohiyo ya Kalashnikov. SAR ni SKS, ya Mrusi mwingine, Simonov, ina magazini ya risasi kumi ambayo imekaa palepale haichomoki. Hizo ukikutwa nazo hakuna cha kununua wala kulinganisha, utajibu kituoni. Hii AR-15 nayo wengi wanadhani AR ni kifupi cha "assault rifle", bunduki ya mashambulizi, hapana jamani, ni ArmaLite Rifle, kampuni alikofanya kazi Eugene Stoner aliyeibuni, na mwaka 1959 waliiuza haki yake kwa Colt. Ya raia haimwagi risasi kama ya jeshi, ukivuta triga inatoka moja, inajipakia yenyewe, unavuta tena. Ndo semi otomatiki.

Sa nikamuuliza shem, hivi nyie mnazipataje kirahisi hivyo? Akacheka. Kumbe hata kwao California ukitaka AR kuna kona za kukunja. Sheria yao inahesabu vitu vinavyoonekana, kishikio cha bastola kile cha chini, kitako cha kukunja au kuvuta, na magazini inayochomoka, hiyo inayochomoka ukiichanganya na kimojawapo cha hivyo vingine unaingia kwenye iliyokatazwa, af magazini mwisho risasi kumi. Kwa hiyo yeye anayo Ruger Mini-14, ya toka miaka ya 70 hiyo, mbao tupu kama bunduki ya babu, lakini risasi ni ileile .223 na inajipakia ileile. Sura ya upole, kazi ndo ileile. Mi nikamwambia shem hiyo sheria yenu inakagua nguo haikagui mtu, akasema we acha tu.

Uingereza ndo walikata mzizi wenyewe. Baada ya yale mauaji ya Hungerford 1987, mwaka uliofuata wakazipiga marufuku semi otomatiki zote za risasi kubwa wakabakiza .22 ndogo. Basi watu wa kule wanazo AR kabisa, nyeusi, na kila kitu, ila kila risasi unavuta kwa mkono. Yani umebeba sura ya komando na kazi ya boliti, mi hapo sioni faida yake labda picha.

Huku kwetu hata watalii wanaokuja kuwinda na madola yao kanuni haziwaruhusu kuja na semi otomatiki, na kwa nyati na tembo ni bunduki ya risasi ya .375 kwenda juu. Kwa hiyo bunduki zilizozoeleka, mafundi wanazozijua, risasi zinazozunguka, ni boliti na shotigani. Hilo ndo lilinitoa ndotoni kabla hata sijafika kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

Safari ya karatasi sitaielezea sana, ni ndefu, nilianza serikali ya kijiji nikaenda mpaka mkoani, alama za vidole, maswali, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani. Atakayekwambia anakufupishia njia mkimbie. Yangu niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi na wawindaji, na mauzo tuliyapitisha polisi, hatukupeana chini ya mwembe. Siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo mzee, hii haina magazini kubwa?" Akaniangalia. "Marahaba. Kijana wangu, we unaenda kupigana na nani?"

Haya, bunduki yenyewe. Ni ile ya Lux, kitako cha mbao ya walnut, mgongo wake umebinuka kidogo, mtutu sentimita 60, inabeba risasi tano ndani. Imetoka Uherský Brod, Jamhuri ya Czech. Mashine yake ni ya ukoo wa Mauser ya 1898, lile kucha refu la pembeni ya boliti linakamata ganda la risasi toka linapotoka kwenye magazini na haliachii mpaka unapolitema. Mwaka huohuo wa 1898, kwa sisi watu wa Iringa, ndo mwaka Mkwawa alijimaliza asishikwe na Wajerumani, kwa hiyo nikiishika huwa nina hisia zangu mbili mbili, ila tuyaache hayo. Ninachotaka kusema ni kwamba toka nimeinunua haijawahi kukwama. Hata siku nilipovuta boliti kwa uoga nusunusu, iliingia.

Kinachofurahisha zaidi, hawa CZ mwaka 2021 waliinunua Colt yenyewe. Ile Colt ya AR. Kwa hiyo mi na shem tukibishana AR na boliti ipi bora, kampuni yangu ndo bosi wa kampuni iliyoinunua AR kwa ArmaLite, nimemwambia hilo mara kama ishirini.

Triga ina ufundi wake. Ukiisukuma kwa mbele inakaa tayari, halafu inakuwa laini mno, ukiigusa tu imeondoka. Kwa shabaha ya kutulia ni raha, ila kwenye baridi ya Julai ya Mufindi vidole vimekufa ganzi mi siigusi hiyo, navuta ya kawaida. Na kama unahama kutoka zile bunduki za zamani za Brno, za ZKK, angalia kitasa cha usalama, zile kinafanya kazi kinyume, kurudisha nyuma ndo tayari kupiga. Hii ya 550 kusukuma mbele ndo tayari. Ukiwa na mazoea ya nyingine unaweza kudhani umefunga kumbe umefungua, hilo si la kucheka.

Mateke ya begani sasa. Hii risasi yangu, .30-06, si mchezo. Risasi ya shem ya .223 ina gramu kama 3.6, hii yangu karibu gramu 12, bega linaijua tofauti. Siku ya kwanza nilipiga nne nikasema inatosha, nyumbani mama watoto akanikuta najipaka dawa ya kuchua akaniuliza umeanguka na bodaboda? Ukiizoea unaiweka vizuri begani inakuwa sawa, lakini si ya kumpa mtu ajaribu kwa kushangaa.

Na hapa ndo ndoto yangu ya semi otomatiki ilipofia. Nguruwe wakija ni kundi, kweli, na nina kibali cha afisa wanyamapori, kwa hiyo nilidhani nitahitaji risasi nyingi harakaharaka. Ukikaa usiku mmoja tu unaelewa. Ukipiga ya kwanza wote wameshaingia msituni, unachobaki nacho ni giza, na ng'ambo ya lile giza kuna shamba la jirani, kuna kibanda cha mlinzi wa miti, kuna watu. Risasi ya namna hii ukiikosea inasafiri zaidi ya kilomita tatu. Boliti inakulazimisha utulie, unainua mkono, unavuta, hapo katikati akili inarudi. Mi nimekaa kilimani napiga kuelekea chini kwenye kingo za bonde, udongo unameza, pengine pote sipigi hata nguruwe akinikonyeza. Msimu wa kwanza nilipiga wawili tu, na kundi lilihama wiki tatu nzima.

Shamba lako likiwa tambarare, nyumba zimekuzunguka, achana na raifo kabisa chukua shotigani. Jamaa yangu ana Baikal ya mtutu mmoja, ngumu kama jembe, haina cha kuharibika, na chembe zake baada ya mita arobaini hivi hazina maana kwa nguruwe, ambalo kwa mwenye majirani ni jambo jema. Tembo na kiboko usijifanye shujaa na chochote kati ya hivi, piga simu kwa wanyamapori.

Malalamiko yangu mawili. La kwanza ni ukungu. Huku Mufindi asubuhi unaamka na ukungu mpaka saa nne, na chuma cha hii ni cha rangi ya bluu ya zamani si cha pua, nililala nayo kambini siku mbili bila kuifuta nikaikuta na madoa ya kutu kama mabati ya choo. Mbao nayo inavuta unyevu, masika shabaha ilihama kidogo kulia mpaka nikaelewa ni kitako kimevimba kinagusa mtutu. Kwa hili zile plastiki nyeusi zinaishinda, nakubali. Mafuta na kitambaa kila siku, na kwenye kava haikai usiku.

La pili ni skopu, ile darubini ya kulengea. Sikiliza vizuri hapa usije ukapoteza hela kama mimi. 550 juu yake ina mfereji wake wa milimita 19, pete za kawaida hazikai. Duka moja Dar, silitaji, nikawapigia nikawatajia bunduki kabisa, wakasema zinakaa bosi, hazina shida. Zikaja na basi, hazikai hata kwa kusukuma. Kurudisha wakasema bidhaa ikishatoka haipokelewi, meseji za pili zikawa tiki moja. Kwa hiyo skopu yangu nzuri kabisa iko kabatini na mi natumia vile vilengeo vya chuma vya juu ya mtutu, mwisho mita themanini nikiwa na mwanga, alfajiri hata hizo sioni.

Mpya hutaipata, kiwanda kimehamia kwenye CZ 600 toka 2021, kwa hiyo ni mtumba tu na uangalie ndani ya mtutu kwa tochi kabla hujatoa hela. Mi naipa nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa kutu na kwa hizo pete. Hapana, siiuzi, mmeshaanza. Ila mwenye pete za 550, za mfereji wa 19, skopu ya bomba la inchi moja, aniambie, Mafinga nafika kila Jumamosi.