Keki ya bajaji kwa mtoto wa miaka mitatu

Nilipompigia simu mama mmoja anayeoka keki nyumbani kwake Tabata Kimanga, nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kilo ngapi na rangi gani. Baada ya salamu akaniuliza, "Mtoto wako mchana huwa analala saa ngapi?" Nikamwambia saa saba mpaka saa tisa. "Basi usiweke sherehe saa kumi, mwanangu. Ataamka na usingizi wake, akute sebule imejaa watu, atalia mpaka wageni waondoke. Fanya asubuhi." Nilikuwa nimeshawaambia ndugu wote saa kumi jioni, maana bethidei nyingi za hapa Dar ndivyo zinavyokwenda. Jioni hiyohiyo nikaanza kuwapigia mmoja mmoja: ni saa nne asubuhi, Jumamosi, tukishakula mchana kila mtu kwake.

Jina lake na namba yake siviweki hapa kwa sababu hakuniruhusu. Anafanya kazi peke yake na hachukui oda zaidi ya tatu kwa wiki. Naandika ili mzazi mwingine mwenye mtoto wa umri huu ajue fundi wa keki anayewajua watoto anauliza mambo gani, na anakataa mambo gani.

Mwaka jana nilichukua keki kwa mtu mwingine, upande mwingine kabisa wa mji. Ilikuwa ya krimu ya kupiga, buluu iliyokolea. Ilifika inapendeza. Kabla hatujamaliza kupiga picha krimu ikaanza kuteremka pembeni, na tulipokata, watoto wote wakawa buluu ulimi, meno na vidole. Shati jeupe la mwanangu halikutakata tena. Februari ya Dar joto linafika nyuzi 32, na nyumbani kwetu tuna feni tu.

Safari hii nilijua ninachotaka. Mwanangu anapenda bajaji kuliko kitu chochote duniani. Tunakaa Segerea, na kijiwe cha bajaji kiko hatua chache kutoka getini kwetu. Kila asubuhi anasimama pale anazihesabu: moja, mbili, tatu, halafu anaanza upya, kwa sababu tatu ndiyo mwisho wa hesabu yake. Nikaomba bajaji ya njano, paa jeusi.

Mama wa keki akanieleza kila kitu kwa subira, na nilijifunza mengi. Siagi tupu inalegea kwenye joto la hapa, kwa hiyo krimu ya nje anaipiga kwa siagi nusu na mafuta mgando nusu. Fondanti, ile sukari iliyokandwa kama donge ya kufunikia keki, aliniwekea kidogo tu, kwenye paa na kioo cha mbele, kwa sababu ikitoka kwenye friji na kukutana na hewa ya nje inatoa jasho na rangi inachuruzika. Weusi wa paa aliuanzia kwenye kakao, mwishoni ndipo akatia tone la rangi. Rangi nyeusi ikizidi huacha uchungu mdomoni. Magurudumu matatu yalikuwa biskuti za kakao.

Kilichonigusa zaidi ni vijiti. Keki yenye umbo haisimami bila kitu cha kuishikilia ndani, na wengi huchomeka vijiti vya kuchokolea meno. Yeye anachomeka tambi kavu ndefu. Ndani ya keki tambi inanyonya unyevu na kulainika kidogo, na hata ikibaki kwenye kipande cha mtoto, anaitafuna tu. Nilimwomba anipambie taa kwa zile lulu za fedha za sukari, akakataa kabisa. "Ni ngumu kama kokoto, na wa miaka mitatu bado hajui kutafuna vizuri." Taa akazitengeneza kwa fondanti laini. Akaniuliza pia kama kuna mtoto ambaye mayai au karanga zinamdhuru. Nikalazimika kuwauliza wazazi wenzangu, na kumbe mtoto wa jirani karanga humvimbisha midomo. Nimekaa naye jirani huyo miaka miwili na nilikuwa sijui.

Kuanzia hapo nikaangalia upya chakula chote cha siku hiyo. Bisi, karanga na pipi ngumu nikaviondoa kwenye meza ya watoto. Soseji tukazipasua kwa urefu badala ya kuzikata viduara, mishikaki ikatolewa vijitini jikoni, tikiti maji likatolewa mbegu. Wakubwa walikuwa na pilau na kachumbari yao. Kariakoo nilikwenda mara moja tu, mtaa wa Kongo, kununua sahani na vikombe vya karatasi, kofia, na mifuko ya karatasi ya kuwafungia watoto zawadi, kwa kuwa ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Maputo nilinunua kumi tu na tukayafunga juu, mbali na mikono yao, maana puto likipasuka, mtoto wa umri huu kile kipande anakitia mdomoni.

Watoto walikuwa tisa. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na watu arobaini, nusu yao ni wenzangu wa kazini ambao mwanangu hajawahi hata kuwaona. Nashukuru sana niliwapunguza.

Siku yenyewe keki ilichelewa. Tulikubaliana saa tatu kamili, akafika saa tatu na dakika ishirini na tano, na katikati hapo hakupiga simu wala hakupokea. Hili ni kosa, na nilimwambia. Alisema alikuwa ameshika boksi kwa mikono miwili. Nimemwelewa, lakini dakika zile ishirini na tano tumbo liliniuma. Hatumi bodaboda kwa keki za umbo. Huleta mwenyewe, boksi mapajani, na dereva anaombwa kutambaa kwenye matuta. Kioo kimoja cha pembeni kilikuwa kimedondoka njiani. Alikuwa na mfuko mdogo wa krimu kwenye mkoba, akakirudisha palepale mezani.

Alikuja kwa bajaji, ya njano. Mwanangu alikuwa amesimama getini na bibi yake. Akaiona bajaji inasimama, akaona boksi linatolewa, na tulipolifunua ndani, akakuta bajaji nyingine. Hakupiga kelele. Alishika kidole cha bibi yake, akasema polepole, "Imezaa."

Mishumaa ilikuwa mitatu ya kawaida. Ile ya fataki mama wa keki haiuzi kwa watoto chini ya miaka mitano, anasema huwatisha na majivu yake hudondokea keki. Tuliimba kwa sauti ya chini na mwanangu hakulia, tofauti na mwaka jana. Mjomba wake alikuja na ndoo ya maji ya kummwagia, kama desturi ya bethidei. Nilimwomba asimwagie mtoto mdogo hivyo, akakubali, tukanawia mikono maji yale.

Kisha ikaja saa ya kukata. Nilipochukua kisu, mwanangu akaikumbatia meza. "Usikate bajaji yangu." Midomo ilishaanza kutetemeka. Mama wa keki, ambaye alibaki kidogo kupata chai, akainuka na kuninong'oneza, "Usiwe na wasiwasi, nilijua." Akaingiza kisu kipana chini ya magurudumu, akainyanyua bajaji nzima na kuiweka pembeni. Ilikuwa imekaa juu ya kikaratasi chake kigumu. Chini yake palikuwa na keki ya pili, ya mstatili, bapa, imepakwa krimu ya kijivu kama lami na mistari myeupe katikati. Hiyo ndiyo tuliyokata, vipande vidogo vya kuenea kiganja cha mtoto. Mwanangu akamlisha bibi, babu, baba yake na mimi, basi. Hatukupanga foleni ya kulishana. Bajaji ikamwangalia akila barabara.

Nilimuuliza alijuaje. Akasema mwanawe mwenyewe, miaka mingi iliyopita, alilia saa nzima alipoona keki yake ya paka inakatwa kichwa.

Kuhusu bei: kilo mbili na nusu zilinigharimu shilingi 95,000, na nauli ya bajaji iliyomleta 8,000 juu. Nusu inalipwa kwa simu unapoweka oda na hairudi ukiahirisha. Zipo keki za bei ya chini, na kwangu mimi hii ilimaanisha kuacha kukodi viti na muziki. Kuweka oda siku tano kabla ni lazima, hapungui hapo. Mama mkwe alisema sukari ni hafifu, na shangazi za mtoto walimuunga mkono. Mimi niliona inafaa kwa watoto. Kesho yake kingo za ile keki ya chini zilikuwa zimekauka kidogo, ingawa nilizifunika. Angenipigia simu alipochelewa, nisingekuwa na la kulalamika.

Wageni waliondoka saa saba kasorobo. Mwanangu alilala saa saba kama kawaida yake, kofia ya karatasi kichwani.

Bajaji iliingia kwenye friji. Jumapili asubuhi aliomba nimfungulie aione, Jumatatu pia, akahesabu magurudumu, moja, mbili, tatu, akafunga mlango mwenyewe. Jumanne alifungua, akaitazama kwa muda mrefu, akang'oa gurudumu la nyuma, akaligawa mara mbili na kunipa nusu.